Upatanisho wa Kisarufi katika Ngeli ya A-WA na Suala la Jinsi: Hatshepsut, Mtawala wa Misri

Utangulizi

Tumekwisha kuona kwamba nomino zinazotaja viumbe wenye uhai huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA, hata pale umbo la nomino linapofanana na la ngeli nyingine. Katika somo hili tutachunguza jambo ambalo upatanisho huo hauonyeshi, yaani jinsi ya kike na ya kiume. Tusome kwanza kifungu kifuatacho.

Kifungu

Yapata mwaka 1479 K.K., Farao Thutmose II alifariki dunia. Mrithi wake, Thutmose III, alikuwa bado mtoto mdogo. Hivyo Hatshepsut, mjane wa marehemu na mama wa kambo wa mtoto huyo, akashika hatamu za serikali kwa niaba yake. Baada ya miaka michache alitwaa cheo kamili cha farao, akatawala hadi yapata mwaka 1458 K.K. Alituma msafara wa merikebu hadi nchi ya Punt, nao ukarudi na dhahabu na miche ya manemane. Habari hizo zilichongwa katika kuta za hekalu lake huko Deir el-Bahari.

Raia wake walitegemea mafuriko ya Mto Nile. Maji yalipopungua, wakulima walipanda ngano na shayiri katika udongo wenye rutuba, na ng'ombe wao walivuta plau. Nyumba zilijengwa kwa matofali ya udongo yaliyokaushwa juani. Wanawake walisaga nafaka, walioka mikate, walipika pombe ya shayiri na kufuma nguo za kitani; tena waliruhusiwa kumiliki mali, kurithi na kushtaki barazani.

Katika sanamu nyingi Hatshepsut anaonekana na ndevu za bandia za kifalme. Hata hivyo, waandishi wake mara nyingi walitumia viambishi vya jinsi ya kike katika kumtaja. Mwishoni mwa utawala wa Thutmose III, jina na picha za Hatshepsut zilifutwa kwa patasi mahali pengi. Mwaka 1829 Jean-François Champollion, Mfaransa aliyefumbua hieroglifu, alifika hekaluni akashangaa kumkuta mfalme mwenye ndevu anayetajwa kwa maneno ya kike. Kiambishi kidogo kilikuwa kimehifadhi kile ambacho patasi ilikusudia kukifuta.

Uchanganuzi

1. Nomino *farao*, *malkia*, *kiongozi* na *ng'ombe* zina maumbo tofauti, lakini zote hupatana kwa namna moja: *farao alifariki*, *malkia alitawala*, *kiongozi alituma msafara*, *ng'ombe alivuta plau*.

2. Kiambishi *a-* humwakilisha mwanamume, mwanamke au mnyama bila kubagua. Lau maandishi yale yangalikuwa ya Kiswahili, vitenzi vyake visingalimwonyesha Champollion lolote. Katika Kiswahili jinsi hukaa katika msamiati (*binti*, *mama*, *malkia*) au katika maneno *-a kike* na *-a kiume*.

3. Neno *malkia* lina maana mbili: mke wa mfalme, na mwanamke anayetawala. Hatshepsut alikuwa wa kwanza, kisha akawa wa pili. Tukisema *Malkia Hatshepsut* pekee, msomaji aweza kudhani kwamba alikuwa mke wa mtawala tu. *Mfalme wa kike* au *farao wa kike* huondoa utata huo.

Kwa mwalimu

Wanafunzi waliozoea Kifaransa, Kiingereza au Kiarabu huelekea kutafuta neno la kuonyesha jinsi katika kila sentensi, wakaandika *yeye mwanamke alijenga, yeye mwanamke alituma*. Tuwafundishe kuitaja jinsi mara moja kwa nomino inayofaa, kisha waiachie *a-* kazi iliyobaki. Jinsi isipotajwa mwanzoni, upatanisho hautaileta baadaye.

Mazoezi

1. Taja nomino tano za viumbe kutoka katika kifungu, ueleze umbo na upatanisho wa kila moja.
2. Eleza utata wa sentensi hii, kisha uiandike upya kwa njia mbili: *Thutmose III alipokuwa mtoto, Hatshepsut alitawala, baadaye alijenga hekalu.*
3. Andika aya moja kuhusu mtawala mwanamke unayemfahamu, ukionyesha jinsi yake mara moja tu.