Usihesabu Njia, Uliza Zinakutana Wapi

Muhula uliopita nilisambaza tangazo kuwa mtihani umeahirishwa. Lilikuwa limenifikia kutoka makundi manne ya WhatsApp, nikaona latosha. Halikuwa kweli. Wenzetu wawili wa mwaka wa kwanza wakakosa mtihani. Aibu yake ningali nayo.

Kosa langu nililielewa vizuri siku mwenzangu wa chumbani, mwanafunzi wa uhandisi, aliponieleza mawasiliano ya leza, yaani kupeleka data kwa mwanga hewani bila waya. Mwaka 2021 mradi wa Taara uliunganisha Brazzaville na Kinshasa kwa njia hiyo juu ya mto Kongo, umbali wa kilomita 4.8. Mkongo wa ardhini ungezunguka zaidi ya kilomita 400. Kwa siku 20 zilipita karibu terabaiti 700, na mawasiliano yalipatikana kwa asilimia 99.9 ya muda.

Tatizo la mwanga huo ni hewa yenyewe. Hewa ya moto na ya baridi zikichanganyika, mwale hupindapinda, kama nyota zinavyometameta usiku. Wahandisi hutumia vioo vinavyojigeuza kuufuata mwale. Pia wanaweza kuweka vipokezi kadhaa vilivyoachana: kimoja kikififia, kingine huona, kwa kuwa kila kimoja kimepata mwanga uliopita hewa tofauti.

Nikamwambia, "Basi wekeni vipokezi mia!" Akacheka. "Ukungu ukishuka hufunika vyote mara moja. Mia huwa kama kimoja."

Nikamkumbuka ustadh wetu wa Mustalah. Alichora ubaoni isnadi nyingi za Hadithi moja, kisha akatuonesha kuwa zote zinarudi kwa mpokezi mmoja dhaifu. Wingi ule haukuongeza nguvu yoyote.

Dawa ya ukungu ni njia ya jinsi nyingine: mawimbi ya redio huwekwa akiba kando ya leza. Ukungu unaozima mwanga hauyasumbui sana mawimbi hayo. Mvua kubwa ndiyo huyadhoofisha yale ya masafa ya juu, nayo mvua huusumbua mwanga kidogo kuliko ukungu. Ni nadra njia zote mbili kuzimika pamoja.

Makundi yangu manne yalikuwa vipokezi vinne ndani ya ukungu mmoja, maana wote walilitoa tangazo kwa mtu yuleyule. Ndugu yangu, habari ikikufikia mara nne, fanya tabayuni: waulize waliokuletea, wao wameipata kwa nani?