Kabla Hujanunua Mashine ya Boti, Inama Uangalie Chini

Sisi wa Nyanda za Juu tumezoea magari ya kupanda milima. Lakini maji tunayo: Ziwa Nyasa kule Kyela na bwawa la Mtera upande wa Iringa. Na kila anayekwenda kununua mashine ya boti huuliza swali moja tu: "Ina hosi pawa ngapi?" Sawa, ila hizo hosi pawa zina safari ya kuteremka kabla hazijagusa maji, na huko njiani ndiko zinakopotelea.

1. Ijue njia yenyewe. Injini inakaa juu. Shafti inateremka wima ndani ya mguu hadi kwenye kile kichwa cha chini chenye umbo la samaki. Humo kuna pinioni inayougeuza mzunguko wa wima ukalala. Fundi wa Mafinga aliyewahi kufungua difu ya Fuso hatashangaa sana, isipokuwa kwamba hapa krauni ni mbili, ya mbele na ya nyuma, na zote zinazunguka muda wote, kila moja upande wake. Katikati yake kuna kipande cha meno kinachosogezwa na mkono wa gia. Kikiuma krauni hii, unakwenda. Kikiuma ile, unarudi. Kikibaki katikati, uko nyutro. Meno yamepangwa ili injini izunguke kama mara mbili ndipo propela izunguke mara moja.

2. Gia usiibembeleze. Hapa hakuna klachi ya kuachia pole pole. Shusha moto hadi sailensa, kisha ingiza kwa mkupuo mmoja. Anayesukuma kidogo kidogo akidhani anaitunza ndiye anayeyasaga meno. Ule mlio wa "krrr" una gharama yake.

3. Gia yako ya kupandia mlima Kitonga ni propela. Boti haina namba moja wala namba mbili. Una mbele, nyutro na nyuma, basi. Uzito utaubeba kwa propela uliyoichagua dukani. Angalia namba mbili zilizogongwa juu yake. Ya kwanza ni upana. Ya pili ni hatua, yaani inchi ambazo ingesonga kwa mzunguko mmoja kama skrubu kwenye ubao. Boti ya kubeba samaki, barafu na watu inataka hatua fupi. Boti nyepesi ya kukimbia inataka ndefu. Kuna jambo ambalo muuzaji wa Dar hatakwambia: Mtera iko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, na injini ya kawaida hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Ukipunguza hatua kwa inchi moja, injini hupata mizunguko kama 200 zaidi kwa dakika. Pakia mzigo wako wa kila siku, fungua moto wote, halafu linganisha mizunguko na kitabu cha mashine.

4. Mtera beba pini. Miti iliyozamishwa na bwawa bado imesimama majini, mingine imejificha inchi chache chini. Kwenye mashine ndogo nyingi, propela ikigonga kisiki, pini inakatika ili gia zipone. Ndiyo kazi yake, kwa hiyo usiweke msumari mahali pake! Mashine nyingine zina raba ndani ya propela. Injini ikinguruma na boti haiendi, huenda raba inateleza.

5. Vua propela mara kwa mara. Hili naling'ang'ania kwa sababu nililiona kwa macho Matema. Fundi alilegeza bolti ya chini ya mguu, tukasubiri oili, ikatoka chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia. Propela ilipovuliwa, uzi wa nyavu ulikuwa umejisokota nyuma yake hadi kuikata sili. Sili ni kipande cha raba tu, lakini gia zilikuwa zimeshaota kutu. Ukijaza oili mpya, ijaze kwa tundu la chini mpaka itokee la juu. Ukianzia juu, hewa inabaki ndani.

6. Mashine ikojoe. Mchirizi wa maji ya kupoza injini unaotoka pembeni ukikatika, zima. Mchanga wa ufukweni hula raba ya pampu inayoyavuta maji hayo, nayo imefungwa kwenye shafti ileile.

7. Upepo wa Mwera ukivuma, punguza moto kila wimbi linapoinua tezi. Propela ikitoka majini, injini hupiga kelele bila kazi, kisha propela hurudi majini kwa kishindo, na meno ndiyo yanayokipokea.

8. Ukifika bandari ya Itungi, itazame meli ya MV Mbeya II, ya abiria 200 na tani 200 za mizigo, iliyojengwa hapo hapo Kyela. Meli za aina hiyo huwa na injini tumboni na gia boksi, na shafti ndefu hutokea tezi. Meli za mvuke za zamani hazikuhitaji hata gia boksi: nahodha akitaka kurudi nyuma, injini yenyewe ilibadilishwa izunguke kinyume. Hermann von Wissmann, meli ya Wajerumani ziwani humo, ilikuwa ya mvuke, ila Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen ilipoifuata Liuli kuishambulia, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Gia ya nyuma isingeisaidia kitu.