Punguza Beti, Usipunguze Bei

Uchumi ukiyumba, malenga wa mtaani ndiye wa kwanza kuambiwa kwamba kazi yake ni anasa. Mimi hutunga kwa kuagizwa hapa Mombasa, na uzoefu umenipa msimamo tofauti, ambao nauandika kwa ajili ya kila anayetungia harusi, shule, vyama na kampeni. Maisha yanapokuwa magumu hafla hazikomi, hupungua ukubwa. Watu wanaendelea kuoana, kuzika, kustaafu na kuhitimu, na bado wanataka maneno yanayolingana na siku yao. Kinachopungua ni uwezo wao wa kulipia maneno mengi. Kwa hiyo malenga asishushe bei. Apunguze kazi yenyewe: bei ya ubeti ibaki pale pale, na beti ndizo zipungue.

Mji huu umetupa nafasi nyingi za kulipima jambo hilo. Kuanzia mwaka 2018 na 2019, makontena yalipoelekezwa kwenye reli ya SGR, madereva wa malori, makuli, mafundi wa gereji na wenye vibanda vya chakula kando ya barabara waliona riziki ikihamia bara. Kabla hawajainuka ikaja korona mwaka 2020, hoteli za pwani zikafungwa, na serikali ikaweka kikomo cha watu 15 mazishini. Mwaka 2023 kodi ya VAT kwa mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na kufikia Januari 2024 dola moja ilikuwa ikibadilishwa kwa shilingi 160 hivi. Katika vipindi vyote hivyo nikahi ziliendelea kufungwa. Kilichotoweka ni ukumbi wa kukodi, siku ya pili ya pilau na kikundi cha taarabu. Kupamba kukarudi uani, chini ya turubai la jirani. Mwenye harusi aliyekuwa akiagiza beti kumi na mbili bila kuuliza mara mbili sasa anakuja na fedha kidogo na haya nyingi. Jibu atakalopewa siku hiyo ndilo litakaloamua kama malenga atabaki na kazi hali ikitengemaa.

Tuseme ubeti mmoja ni shilingi 500. Beti kumi na mbili ni 6,000, naye mteja ana 2,000 tu. Unaweza kumpa zote kumi na mbili kwa 2,000, au ukampa nne kwa 2,000 hizo hizo. Mfukoni hakuna tofauti, lakini kwingineko tofauti ni kubwa. Ukimpa kumi na mbili umefanya kazi mara tatu, na ubeti wako umeshuka hadi bei isiyofika 170. Habari hiyo haibaki kwa mteja. Itasambaa kwa mashangazi, kwa mpambaji na kwa mshereheshaji, na mwaka ujao ukitaka kurudi kwenye 500 utaonekana umelewa sifa. Ukimpa nne, bei haijaguswa, na muda uliobaki unaupeleka kwenye oda nyingine au kibarua kingine. Na hata kisanaa hujapoteza. Mishororo minne yenye mizani kumi na sita, nane kwa nane, inatosha kubeba wazo likakamilika. Muyaka bin Haji wa Mvita, aliyefariki karibu na mwaka 1840, ametuachia mashairi mengi ya beti chache sana, na mpaka leo yanachambuliwa madarasani.

Ufupi huo hata hivyo una masharti yake. Mtungaji asiyejipanga humaliza beti tatu kwa bismillahi, salamu na kuomba radhi kwa waliotangulia, akabakiwa na ubeti mmoja wa kumtaja bibi harusi. Katika shairi la beti nne, dua na salamu ziingie katika ukwapi wa mshororo wa kwanza, kisha uingie kwenye habari. Kabla sijaandika neno huuliza majina, nasaba ya pande zote mbili, na jambo moja ambalo mtu huyo alilitenda na watu wake hawajalisahau; jambo hilo moja huzipa beti zote nne sababu ya kuwapo. Kibwagizo nacho kitazamwe vizuri. Ukikirudia katika beti nne umetumia mishororo minne kati ya kumi na sita, yaani robo nzima ya kazi. Hukiweka pale tu ninapojua wanawake wataitikia kwa vigelegele. Kwingine kote hutumia kimalizio kinachobadilika. Halafu tenganisha kutunga, kughani na kuandika kwa hati nzuri ya kutiwa fremu. Hizo ni kazi tatu zenye malipo matatu. Mteja mwenye kidogo anaweza kununua utungo peke yake, na binamu yake mwenye sauti akaughani. Chukua arbuni ya nusu kabla ya kuanza. Kwa wanasiasa chukua yote, maana baada ya uchaguzi hakuna simu inayopokelewa.

Wapo wanaochukizwa na hesabu za namna hii. Husema ushairi ni kipaji cha Mungu, na kuutoza kwa ubeti ni kuudhalilisha. Naiheshimu hofu yao, ila pwani haikujengwa hivyo. Nyimbo nyingi alizoimba mwimbaji wa taarabu Juma Bhalo zilitungwa na Ahmad Nassir, malenga aliyejua kwamba maneno yake yanakwenda kwenye hafla na kaseti za kuuzwa, na hakuna mjuzi wa lugha anayesema tungo zile zilipungukiwa heshima kwa sababu hiyo. Kinachodhalilisha ushairi ni vina vya kulazimisha, na hivyo hupatikana katika kazi za bure na za malipo sawasawa. Wanapokuwa na haki ni kuhusu msiba. Tanzia sitozi, wala dua ya mgonjwa, wala shairi la mchango wa karo ya mtoto wa jirani. Pale ambapo wote wanatoa, nami natoa. Lakini penye hema la kukodi, mpiga picha na mshereheshaji waliokwisha kulipwa, malenga hana sababu ya kuwa mtu pekee anayelipwa kwa sahani ya biriani.

Wengine hunishauri niachane na mitaa niandike diwani, nishindanie tuzo. Diwani niandike, ndiyo, na tuzo nigombee. Ila kitabu nchini Kenya kinatozwa VAT ya asilimia 16 tangu sheria ya 2013, na mzazi anayehesabu nauli hanunui diwani ambayo haimo kwenye orodha ya shule. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell, hutenga jumla ya dola 15,000 zinazogawanywa kwa washindi wachache kutoka kila pembe ya dunia ya Kiswahili. Ni heshima kubwa, lakini mwenye nyumba hapokei heshima kama kodi. Hata mshairi Shaaban Robert aliingia idara ya forodha mwaka 1926 akabaki katika utumishi wa serikali kwa miongo kadhaa; kazi zake zinazosomwa leo ziliandikwa na mtu aliyekuwa na mshahara. Basi shikilia ualimu wako, duka lako au bodaboda yako bila aibu, na ujue msimu: walimu hutafuta tungo za tamasha la drama mwanzoni mwa mwaka, kabla ya Aprili, na za tamasha la muziki kuelekea Agosti. Hizo ni oda ambazo hali ngumu huzipunguza lakini haizifuti.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la soko. Ukikataa kushusha bei, yupo kijana atakayeshusha, na mteja ataondoka. Ni kweli, wengine wataondoka, na mwezi ambao wameondoka utauma. Lakini tazama huko bei inakoelekea. Siku hizi mtu anaiambia simu imtungie shairi la harusi, na simu inatunga bila kudai senti. Hakuna malenga awezaye kumshinda wa bure kwa kuwa rahisi zaidi. Tunachoweza kukiuza ni kile kisichopatikana humo: kwamba tunamjua nyanya wa bibi harusi, tunajua ni nani aliyewapatanisha baba wawili waliokuwa hawasemezani, tunajua neno gani mtaani Kibokoni litachekesha na lipi litaleta ugomvi. Ujuzi huo unaonekana katika beti nne zilizofinyangwa vizuri kuliko katika kumi na mbili zilizoharakishwa kwa sababu malipo ni duni. Anayeshusha bei analazimika kuongeza kasi, na kasi huondoa kitu hicho hicho ambacho mteja alikifuata kwake.

Limebaki jambo moja ambalo wenzangu wengi hulipuuza. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kwamba hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pawe na mapatano ya kuzuia au kupunguza uhamisho huo. Yaani ukinyamaza, shairi ni la bwana harusi. Uchumi ukiwa mbaya hatari huongezeka, kwa kuwa tunakubali oda haraka bila maandishi. Dawa yake ni ujumbe mfupi wa simu, unaotumwa pamoja na nambari ya kulipia na kujibiwa na mteja kabla ya arbuni kuingia: "Hakimiliki ya shairi inabaki kwangu mtunzi. Wewe una ruhusa ya kulighani, kulichapisha na kulisambaza kwa ajili ya hafla yako." Huutuma hata kwa oda ya ubeti mmoja, kwani mwimbaji wa taarabu akiupenda ubeti huo miaka kumi baadaye, mazungumzo ya malipo yatakuwa kati yangu na yeye.