Kufundisha kompyuta Ikinga bila kungoja mtandao

Mwalimu wa kompyuta wa Ikinga, wilayani Ileje, akingoja mtandao utulie ndipo aanze somo, muhula utakwisha wanafunzi hawajagusa kibodi. Utumie mtandao kama malori ya Tunduma: ulete mzigo, ushushe, kazi iendelee bila mtandao wenyewe.

1. Pakua ukiwa mjini. Ukienda Tunduma, Vwawa au Mbeya, beba laptopu na flashi. Pakua Kolibri, programu ya bure ya Learning Equality, pamoja na masomo unayoyataka. Ongeza Scratch ile inayofanya kazi bila intaneti. Ina Kiswahili, chagua lugha hiyo ndani ya programu. Kabla ya kupanda gari, zima data ujaribu kila kitu. Kilichosahaulika utakiona hapo hapo.

2. Gawa darasani. Laptopu moja yenye Kolibri huhudumia simu na tableti kadhaa. Ziunganishe zote na ruta ndogo, hata kama haina intaneti, kisha wanafunzi waandike kwenye kivinjari anwani inayoonyeshwa na Kolibri. Bando haliliwi.

3. Kazi za nyumbani zipitie SMS. Simu ya kitochi inatosha kufundisha namna kompyuta inavyohesabu. Kila mwanafunzi akate kadi 5 za boksi, azichore nukta 16, 8, 4, 2 na 1, azipange kwa mfuatano huo. Kadi iliyofunuliwa ni 1, iliyofunikwa ni 0. Tuma 01001: atafunua ya 8 na ya 1, akujibu 9. Wakizoea, A iwe 1, B iwe 2, na kuendelea. Wakutumie majina yao kwa tarakimu hizo.

4. Zima rominga. Ileje inapakana na Malawi, na simu iliyo karibu na Mto Songwe inaweza kudaka mnara wa ng'ambo ikala salio. Chagua mtandao wako mwenyewe kwenye mipangilio.

5. Sahihisha kwa sauti. Wenye WhatsApp wapige picha daftari; wewe jibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika moja, maana video ni nzito. Taja saa maalumu ya kujibu, mzazi mwenye simu aijue.

Hata hivyo, tenga siku za kukutana ana kwa ana. Kushika kipanya hakufundishwi kwa SMS.