Somo: Kuchunguza Nyufa na Ardhi Iliyotitia Baada ya Tetemeko

Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa takriban 6 lilitokea chini ya bahari karibu na pwani ya Tanzania. Lilisikika Dar es Salaam, Zanzibar na hadi hapa Mombasa. Baada ya mtikisiko kama huo, mwenye nyumba na mpangaji huwa na swali moja: je, ufa huu ulikuwepo, au umetokea leo? Somo hili linaeleza jinsi ya kupata jibu.

Wataalamu hutafuta nini?

Tetemeko kubwa huweza kupasua ardhi. Tarehe 6 Januari 1928, tetemeko la Subukia, katika Bonde la Ufa, liliacha mpasuko wa karibu kilomita 38. Wachunguzi hupima urefu wa mpasuko, upana wake, mwelekeo wake, na kama upande mmja umeshuka kuliko mwingine.

Wakati mwingine ardhi hutikisika mara nyingi kwa wiki kadhaa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 2007 karibu na Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Mitetemeko ilianza Julai, na mkubwa zaidi, wa tarehe 17 Julai, ulisikika hadi Nairobi. Nyufa zilionekana kwenye miteremko ya Mlima Gelai. Picha za setilaiti za kabla na baada zilipolinganishwa, zilionyesha kuwa ukanda mwembamba wa ardhi ulikuwa umeshuka. Chini yake, mwamba ulioyeyuka ulikuwa umejipenyeza bila kufika juu. Kipimo kimoja kisingetosha kuonyesha hayo. Ilibidi kulinganisha vipimo vya siku tofauti.

Si kila ufa ni wa tetemeko

Machi 2018, ufa mkubwa ulikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, karibu na Suswa. Uvumi ulienea kuwa Afrika inagawanyika siku hiyo hiyo. Wanajiolojia wengi walieleza kuwa mvua kubwa ilikuwa imesomba udongo laini wa majivu ya volkeno na kufunua uwazi uliokuwa chini.

Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ambao maji huula polepole na kuacha mapango. Kwa hiyo Mwembe Tayari, ardhi iliyobonyea kando ya barabara yaweza kutokana na shimo la zamani la choo, bomba linalovuja au mtaro uliobomoka. Mtikisiko waweza tu kuharakisha kilichokuwa kimeanza.

Tazama kingo za ufa. Ufa wa zamani huwa na vumbi, utando wa buibui, kuvu, au rangi iliyoingia ndani. Ufa mpya huwa na kingo kali na safi.

Hatua za kufuata

1. Kabla ya kugusa chochote, piga picha ukiweka rula au sarafu kando ya ufa. Usizibe ufa kwa plasta kabla ya kuupima.

2. Andika tarehe, saa, mahali, urefu, na upana pale ulipo mpana zaidi. Eleza kama ufa wa ukutani unaendelea hadi sakafuni na nje ardhini.

3. Chora alama mbili kwa penseli, moja kila upande wa ufa, kisha pima umbali kati yake. Tuseme Jumatatu ni milimita 100 na Alhamisi ni 103: ufa umepanuka kwa milimita 3.

4. Pima kila siku kwa wiki ya kwanza, kisha kila wiki. Mtetemeko mwingine ukitokea, pima tena na uandike saa yake.

5. Peleka nakala kwa mwenye nyumba na kwa ofisi ya wadi. Mpangaji mwenye vipimo vyenye tarehe ana ushahidi; neno tupu hupingwa kwa urahisi.

Usalama kwanza

Usipime chini ya roshani au ukuta ulioinama, wala usiingie kwenye shimo. Toka nje mara moja, na uwatoe wengine, ikiwa nguzo imepasuka, milango imeanza kukwama ghafla, au unanusa gesi. Piga simu 999 au 112. Kurudi ndani kusubiri ukaguzi wa mhandisi wa majengo. Katika nyumba za kale za mawe na chokaa za Mji wa Kale, tazama pia ncha za boriti pale zinapoingia ukutani.

Jipime

Ufa una utando wa buibui ndani, lakini umepanuka kwa milimita 2 katika siku tatu. Je, uupuuze kwa kuwa ni wa zamani? La. Umri wa ufa hauondoi hatari. Ufa unaoendelea kupanuka huripotiwa, hata kama haukuletwa na tetemeko.