Maumivu ya mwezi yanayomtoa mama shambani



Wakati wa kupalilia, mama anayekosa kazi siku mbili tatu kila mwezi anaitwa mvivu, tena analipishwa amande. Wengine wanasema amelogwa. Sisi kazi yetu ni muhogo na muhindi, lakini mikono inayopalilia mingi ni ya wamama, ndiyo sababu tunaandika.

Kuna ugonjwa unaoitwa endometriozi. Ndani ya kizazi kuna utando unaojengeka kila mwezi, kisha unatoka na damu. Kwa mgonjwa huyu, nyama inayofanana na utando huo inaota nje ya kizazi: kwenye vifuko vya mayai, kwenye matumbo, hata kwenye kibofu. Ni kama muhindi uliojiotea kwa shamba la jirani. Kila mwezi inavimba na kutoa damu isiyokuwa na njia ya kutokea, na inaacha makovu. Shirika la Afya Duniani (OMS) linahesabu karibu mwanamke 1 kwa 10 wa umri wa kuzaa.

Dalili: maumivu makali ya mwezi, maumivu akilala na bwana wake ao akienda choo, kukosa mimba. «Ukizaa itaisha» si dawa.

Muganga anaanza kwa kuuliza. Kama tunavyoandika mvua kwenye kaye, mama aandike miezi 3: siku gani inauma, na kazi gani imemshinda. Ekografi inaweza kuonyesha uvimbe kwenye vifuko vya mayai, lakini vidonda vidogo haivioni. Kwa hiyo ekografi safi haimaanishi mama anadanganya. Kwa wengi matunzo yanaanza bila upasuaji: ibuprofene baada ya kula (si kwa mwenye vidonda vya tumbo ao mimba), ao vidonge, sindano na vijiti vya uzazi wa mpango, vinavyotuliza ugonjwa. Anayetafuta mtoto aseme mapema, maana hivyo vinazuia mimba. Vikishindikana, atumwe hospitali yenye muganga wa wanawake, kama Panzi ya Bukavu.

Maumivu ya ghafula kwa aliyekosa mwezi, ao yenye homa, ni mambo mengine: apelekwe siku ile ile.

Na komite? Siku hizo mama achague mbegu nyumbani, ihesabiwe kazi. Amande iondolewe.