Mwanga wa Flashi na Uamuzi wa Kamera

Mji wa Musoma uko kusini ya Ikweta kwa takriban digrii moja na nusu tu. Kwa sababu hiyo jua hupita wima juu ya vichwa vya wakazi wake mara mbili kwa mwaka, siku chache kabla ya tarehe 21 Machi na siku chache baada ya tarehe 22 Septemba. Tena, kwa kuwa saa ya Tanzania hufuata longitudo ya digrii 45 Mashariki, ilhali Musoma iko karibu na digrii 34, adhuhuri yake halisi hufika mnamo saa sita na dakika 45. Huo ndio wakati ambapo maharusi hutoka kanisani na wahitimu hupangwa mistari ufukoni mwa Ziwa Viktoria. Paji la uso hung'aa, nayo macho huzama katika vivuli vyeusi. Mpita njia humcheka mpiga picha anayewasha flashi jua likiwaka, lakini kicheko hicho hakina msingi wa kisayansi.

Picha ya flashi ni picha mbili zilizopigwa juu ya filamu moja, au juu ya kihisi kimoja katika kamera za dijiti. Ya kwanza hutokana na mwanga uliopo mahali pale: jua, au taa za ukumbini. Ya pili hutokana na flashi. Mwanga uliopo humiminika muda wote shata ikiwa wazi, kwa hiyo kiasi chake hutegemea muda huo, ukubwa wa tundu la lenzi na wepesi wa filamu, yaani ISO. Flashi humulika kwa muda wa kama 1/1000 ya sekunde au pungufu. Shata ikikaa wazi kwa 1/60 au kwa 1/4 ya sekunde, flashi haiongezeki wala haipungui. Kinachoitawala ni nguvu yake, tundu la lenzi, ISO, na umbali. Mwanafunzi atakumbuka kanuni ya kinyume cha mraba wa umbali: mgeni aliyeketi mita 6 kutoka kwenye flashi hupata 1/9 tu ya mwanga anaoupata aliye mita 2.

Nguvu hiyo hutoka katika kapasita. Kapasita ya maikrofaradi 1,000 iliyochajiwa kwa volti 300 huhifadhi jouli 45, kwa mujibu wa kanuni ya nusu ya CV². Nishati hiyo ingewasha balbu ya wati 9 kwa sekunde 5 tu. Lakini ikimalizika kwa 1/1000 ya sekunde, wastani wa nguvu ni wati 45,000. Harold Edgerton, mhandisi wa Marekani, ndiye aliyeendeleza flashi za umeme za namna hii tangu miaka ya 1930.

Sasa na uchukuliwe ukumbi wa harusi mjini Bunda, usiku, kamera ikiwa kwenye ISO 400 na tundu la f/5.6. Taa za ukumbini zikiwa hafifu, mwanga uliopo utahitaji kama 1/4 ya sekunde. Mpiga picha akiweka kamera kwenye A (kamera nyingine huandika Av), yeye huchagua tundu, nayo kamera huchagua muda. Kamera nyingi hapo huendelea kuuhesabu mwanga wa ukumbini kana kwamba flashi haipo, na kuchagua hiyo 1/4. Bibi harusi anayetembea nusu mita kwa sekunde atakuwa amesogea zaidi ya sentimita 12 kabla shata haijafunga. Flashi itamnasa wazi mara moja, na taa za ukumbini zitachora kivuli chake chenye ukungu kando yake, kama mzimu. Akihamia P, kamera kwa kawaida hukataa kushuka chini ya 1/60 hivi. Bibi harusi hutoka safi, lakini ukuta na wageni wa nyuma hupata 1/15 ya mwanga waliouhitaji, na sherehe yote huonekana kama imefanyika pangoni. Dawa ni M: 1/60, f/5.6, na ISO ipandishwe hadi 1600. Ukuta utakuwa hafifu lakini si mweusi, na flashi itatoa robo tu ya nguvu ya awali.

Mchana kosa hugeuka. Kwenye mawe ya Mwitongo, Butiama, alikozikwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1999, jua la wazi kwa ISO 100 na f/4 hudai 1/1600 ya sekunde. Lakini shata ya mapazia mawili ina kikomo. Katika kamera nyingi kikomo hicho ni 1/200 au 1/250, na katika kamera kadhaa za zamani kilikuwa 1/60. Kupita hapo, pazia la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, na ni ufa tu unaopita mbele ya filamu. Flashi ikiwaka, sehemu ya picha hubaki na utepe mweusi. Ili kuepuka hilo, kamera iliyo kwenye A husimama kwenye 1/200, na picha hupata mwanga mara 8 kupita kiasi. Namba za muda humetameta kuonya, na aghalabu hakuna anayezitazama. Ni afadhali kuchagua f/11 kwa 1/200. Flashi yenye namba-kiongozi 36 kwa ISO 100 hutosheleza hapo mita 3.3, kwa kuwa 36 kugawa kwa 11 ni 3.3, mpiga picha akisimama kama mita 4.6, flashi hutoa nusu ya mwanga huo, kiasi cha kulainisha vivuli bila kulishinda jua.

Hesabu hiyo ni ya flashi isiyozungumza na kamera. Flashi ya namna hiyo haifai kwenye P wala S, maana huko kamera hubadili tundu picha hadi picha. Tangu Olympus OM-2 ya mwaka 1975, kamera zilianza kupima mwanga wa flashi kupitia lenzi na kuuzima unapotosha. Za dijiti hutoa kwanza mmweko mdogo wa kupimia. Hata hivyo kipimo hicho hutaka kila kitu kiwe cha kijivu. Gauni jeupe likijaza picha, flashi hujipunguza, na uso mweusi wa bibi harusi hupotea. Mpiga picha sharti aiongezee flashi hatua moja hivi kwa mkono wake.

Mwalimu anaweza kuyaonyesha haya kwa gurudumu la baiskeli lililobandikwa karatasi nyeupe na kuzungushwa chumbani penye mwanga hafifu. Likipigwa kwa 1/4 ya sekunde bila flashi, karatasi huwa utepe wa duara. Likipigwa kwa flashi, karatasi husimama juu ya utepe huo. Wanafunzi na wabadilishe muda tu, kisha tundu tu, na kuandika ni kipi kati ya karatasi na utepe kilichofifia. Flashi mbovu isifunguliwe darasani: kapasita huweza kubaki na mamia ya volti hata betri zikiwa zimetolewa.